Jiwe Likishatoka Mkononi

(Hotuba niliyoitoa kwa walimu tarajali siku chache kabla ya mahafali yao. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na utani wa siku ile nimeuacha ulivyo.)

Itifaki imezingatiwa. Sitamtaja mtu kwa cheo chake, maana nikianza na mkuu wa chuo itanibidi niishie kwa mpishi, na chai itapoa.

Kabla ya kustaafu nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi. Kesi zangu hazikuwa zile za kuandikwa magazetini. Zilikuwa za kuku, baiskeli, ngumi za kilabuni, matusi ya majirani, fedha za kikundi cha akina mama zilizoyeyuka mikononi mwa mweka hazina. Katika kesi hizo zote kuna maneno matatu niliyoyasikia hadi yakanichosha. Mshtakiwa ameshapatikana na hatia, anapewa nafasi ya kusema neno kabla ya adhabu. Anashika ukingo wa kizimba, anainamisha kichwa: "Mheshimiwa, shetani alinipitia."

Nilikaa na washauri wawili wa mahakama, ambao watu huwaita wazee wa baraza. Mmoja wao, sasa ni marehemu, aliniuliza tukinywa chai: "Mama hakimu, hivi huyu shetani ana njia gani, kila siku inapita mlangoni kwa mtu yuleyule?"

Nilicheka, nikasahau. Miaka ilipita ndipo nikalikuta swali la mzee yule kwa Wagiriki wa kale, na limekaa huko kwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu.

Kwanza mjue kwamba utetezi huu si wetu peke yetu. Katika Iliad, utenzi mkuu wa Homer kuhusu vita vya Troy, mfalme Agamemnon anamnyang'anya shujaa wake Achilles mwanamke aliyekuwa zawadi yake ya vita. Achilles anasusa, na Wagiriki wanakufa kama kumbikumbi. Siku ya kupatana, Agamemnon anasimama mbele ya jeshi zima na kusema kwamba mwenye kosa si yeye. Ni Zeus, ni Majaaliwa, ni Erinys, mungu wa kisasi, atembeaye gizani. Hao ndio waliompofusha akili siku ile. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikasema, huyu namjua, nilishamfunga miezi sita. Nimpe haki yake lakini: pamoja na kumsingizia Zeus, Agamemnon alilipa fidia, tena nono.

Katika utenzi wa pili, Odyssey, Zeus mwenyewe ndiye anayelalamika, karibu mwanzoni kabisa. Anawaambia miungu wenzake: ajabu ya wanadamu, kila baya wanasema limetoka kwetu, na kumbe kwa upumbavu wao wanajiongezea mateso kupita waliyopangiwa. Yaani mshtakiwa amesema, na shetani naye amepewa nafasi ya kujibu.

Aliyeishughulikia kesi hiyo kwa utaratibu ni mwanafalsafa Aristotle. Alizaliwa mwaka 384 KK katika mji mdogo wa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki, na baba yake alikuwa tabibu wa mfalme wa Makedonia. Nautaja utabibu makusudi, kwa sababu mtu huyu hata anapoeleza wema maneno yake yananukia dawa. Akiwa na miaka 17 alikwenda Athens kwa mwanafalsafa Plato, akakaa katika shule yake miaka 20. Baadaye alimfundisha kijana aliyekuja kuwa Alexander Mkuu, na mwaka 335 KK akafungua shule yake mwenyewe, Lykeion. Kitabu chake cha maadili kinaitwa kwa jina la Nicomachus, jina la baba yake na la mwanawe pia. Kina sehemu 10, na kinasomeka kama daftari la mwalimu: hoja imeanzwa, imeachwa, imerudiwa baada ya kurasa hamsini. Ninyi mnaoandaa masomo usiku hamtakiona kigeni.

Tuanze na neno. Sisi tunasema tabia. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni maumbile, kile kilichopigwa muhuri ndani ya mtu. Labda ndiyo sababu mtu akishindikana tunasema "ndiyo tabia yake", na mazungumzo yanakwisha hapo. Wagiriki walianzia kwingine. Kwao tabia ni ēthos, e ya kwanza ikivutwa. Mazoea ni ethos, e ikiwa fupi. Aristotle anasema neno la kwanza limetokana na la pili kwa kubadilika kidogo tu. Mazoea yakivutwa sana, yanakuwa tabia! Kwa Kiswahili mchezo huo haukubali, nimejaribu, lakini mwalimu mwenye chaki anaweza kuivuta e ubaoni na watoto wakaona.

Kisha analeta jiwe. Jiwe kwa maumbile yake huanguka. Lirushe juu mara elfu kumi, halitazoea kupanda. Moto nao huwezi kuufundisha uwake kuelekea chini. Kilicho cha maumbile hakigeuzwi na mazoea. Lakini watu hugeuzwa na mazoea, kila mtu anaona. Kwa hiyo hatuzaliwi na wema, wala na ubaya. Tunachozaliwa nacho ni uwezo wa kuupokea, na kuukamilisha ni kazi ya mazoea.

Wahenga wetu waliposema ukiona vyaelea vimeundwa, walikuwa wanatazama vyombo vya baharini. Aristotle alikuwa anatazama nyumba na kinubi. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Wengi husoma hadi hapo wakapiga makofi. Wangevuta subira kidogo wangekutana na neno linalonitisha mimi kuliko yote: ni kwa kupiga kinubi hichohicho watu wanakuwa wapigaji wazuri na wapigaji wabovu. Kazi inayomjenga fundi ndiyo inayomharibu. Mtu akiniambia ana uzoefu wa miaka thelathini, hajaniambia kitu mpaka aseme amezoea nini. Nimefanya kazi na makarani waliokuwa na uzoefu wa miaka thelathini wa kuchelewa.

Mwanafunzi mjanja atainua mkono: nitatendaje haki kabla sijawa mtu wa haki? Si nitakuwa tayari ninao huo wema? Mfano wa Aristotle hapa ni wa darasani, na ninauleta kwenu kama zawadi. Mtoto anaweza kuandika neno sahihi kwa bahati tu, au kwa kuonyeshwa na mwenzake wa dawati. Neno ni sahihi, lakini mtoto hajajua kuandika. Atajua siku atakapoliandika kutokana na ujuzi ulio ndani yake. Na tendo jema ni hivyohivyo. Ili lihesabiwe kuwa la mtu mwema, mtendaji awe anajua anachofanya. Awe amelichagua, tena kwa ajili ya wema wenyewe. Na liwe limetoka kwenye tabia imara isiyoyumba. Mweka hazina aliyerudisha fedha asubuhi kwa sababu mkaguzi anakuja jioni ameandika neno sahihi. Ameonyeshwa na jirani.

Wale wanaojua maneno mazuri ya maadili bila kuyatenda, Aristotle anawafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini, wakarudi nyumbani wasifanye hata moja aliloagiza. Hapo nilijisikia vibaya, maana nina dawa za presha ambazo mara nyingi hukaa tu kabatini.

Kuhusu kiasi sitasema mengi, kwa kuwa ndilo jambo lake linalojulikana zaidi: ujasiri umekaa kati ya woga na ujuba, ukarimu kati ya uchoyo na ubadhirifu. Ila msidhani alimaanisha nusu kwa nusu. Ikiwa chakula cha mina kumi (mina ni kipimo chao cha uzito) ni kingi mno na cha mina mbili ni kidogo mno, mkufunzi wa michezo hampi kila mtu mina sita. Kwa Milo, mwanamieleka maarufu, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Mkiadhibu darasa zima kwa kiboko kimoja, mmempa kila mtu mina sita.

Sasa turudi mahakamani, nilikokuzoea.

Wagiriki walikuwa watu wa kesi. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba mshindani mmoja wa michezo alimuua kwa bahati mbaya Epitimus wa Pharsalus kwa mkuki aliourusha. Pericles, kiongozi mkuu wa Athens wakati huo, alishinda kutwa nzima na mwanafalsafa Protagoras wakibishana: mwenye kosa ni mkuki, ni aliyeurusha, au ni waandaaji wa michezo? Mtoto wa Pericles aliitangaza habari hiyo ili watu wamcheke baba yake, kwa kuwa walikuwa hawaelewani. Mimi sicheki. Athens ilikuwa na baraza la kuhukumu hata vitu visivyo na roho, jiwe au chuma kilichosababisha kifo, na kikipatikana na hatia kilitupwa nje ya mipaka. Katika mji unaolishtaki jiwe, kumsimamisha mtu na kumwambia "chanzo ni wewe" kunahitaji hoja.

Hoja ya Aristotle ni hii. Tendo si la hiari likiwa limetokana na nguvu ya nje, kama mtu aliyebebwa na upepo, au likiwa limetokana na kutojua. Lakini haachi mlango wazi. Anauliza: nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba, je? Hakuna mwenye chombo anayetupa mali ya watu kwa kupenda. Hata hivyo mikono iliyosogea ni yake, na chanzo cha kusogea kilikuwa ndani yake. Tendo hilo ni mchanganyiko, anasema, ila linakaribia zaidi la hiari, na nahodha mwenye akili hulifanya. Naye anayedai kwamba raha ilimlazimisha, kwamba utamu wa kitu ulimvuta akashindwa, Aristotle anamwona wa kuchekesha. Watu hao mema yao wanayaita yao, na mabaya yao wanayaita ya vitu vitamu. Mzee wangu wa baraza angempa mkono.

Kuna na ulevi. Katika kisiwa cha Lesbos, mji wa Mytilene uliwahi kutawaliwa na Pittacus, mmoja wa wale walioitwa Wenye Hekima Saba. Aliweka sheria kwamba anayetenda kosa akiwa amelewa aadhibiwe zaidi kuliko aliyetenda akiwa mzima. Kisiwa kile kilijaa mvinyo, huenda hakuwa na njia nyingine. Aristotle anaiona mantiki ya adhabu maradufu kwa mlevi: kutojua kwake kumetokana na yeye mwenyewe, kwa sababu kutokulewa kulikuwa ndani ya uwezo wake. Kilabuni hakuna aliyefunguliwa mdomo kwa nguvu.

Hapo ndipo jiwe linarudi, jiwe la pili. Mtu aliyeugua kwa kuishi ovyo na kuwapuuza matabibu hawezi sasa kupona kwa kutaka tu. Wakati ulikuwepo alipoweza asiugue. Ni kama mtu aliyerusha jiwe: likishatoka mkononi halirudishiki, lakini kulirusha kulikuwa juu yake. Dhalimu na mfuata anasa nao hapo mwanzo wangeweza kutokuwa hivyo.

Niwape kesi moja. Mweka hazina wa kikundi, mwanamke mchapakazi, mcha Mungu, aliyeaminiwa kuliko wote. Mwezi wa kwanza aliazima nauli ya kwenda msibani, akairudisha kesho yake. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyepungukiwa. Mwezi wa pili aliazima ya sare ya mtoto, akarudisha baada ya wiki mbili. Mwezi wa tatu alirudisha nusu. Kufikia mwezi wa nane daftari lilikuwa na hesabu mbili, moja ya wanakikundi na nyingine yake. Aliposimama mbele yangu akasema shetani alimpitia, nilimuuliza: "Siku ipi?" Alifungua mdomo. Akaufunga. Sikuwa namkejeli, nilitaka kweli kujua, na nadhani yeye pia alikuwa anaitafuta hiyo siku. Haikuwepo. Kila siku ilikuwa ndogo, na kila siku ilifanana na iliyotangulia. Jiwe alilirusha siku ya nauli ya msiba, siku aliyorudisha fedha zote.

Socrates, mwalimu wa Plato, angebisha. Yeye alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya huku akijua kweli kuwa ni ubaya. Akitenda, ni kwamba hakujua. Ni wazo zuri, na linamfaa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Aristotle anasema kwa adabu kwamba wazo hilo linapingana na tunachokiona. Kuna wanaojua na bado wanashindwa. Wagiriki waliita hali hiyo akrasia. Mtu wa namna hiyo ni kama mji wenye sheria nzuri ambao hauzitumii. Hata midomo yake inaweza kuyatamka maneno ya haki, kama mlevi anayekariri mashairi ya mwanafalsafa Empedocles.

Lakini msinielewe kwamba mazoea yanatosha. Plato, mwishoni mwa kitabu chake cha Jamhuri, anasimulia hadithi ya Er, askari aliyekufa vitani akarudi kusimulia ya huko. Roho zinakusanyika kuchagua maisha yao yajayo, na mpiga mbiu anatangaza: lawama ni ya aliyechagua, mungu hana lawama. Wa kwanza kuchagua anakimbilia utawala wa kidhalimu, mkubwa kuliko yote. Akitazama vizuri, anaona ndani yake kwamba atakula watoto wake mwenyewe. Anajipiga kifua, analaumu bahati, analaumu majini, analaumu kila kitu isipokuwa yeye. Hata kuzimu shetani alimpitia! Na alikuwa nani hapa duniani? Mtu mwema, aliyeishi katika mji wenye utaratibu mzuri. Plato anasema wema wake ulikuwa wa mazoea tu, bila falsafa. Walimu, huyo ni mwanafunzi wenu aliyepanga mstari kila asubuhi kwa miaka saba na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Kijana mmoja pale nyuma ananikunjia uso. Najua anachotaka kuuliza: na aliyelelewa na wezi, je? Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyo alikunjwa na wengine. Swali hilo Aristotle analigusa tu. Anakiri kwamba malezi ya utotoni si tofauti ndogo, ni tofauti yote. Kisha, kuhusu tabia zetu, anatumia maneno ya tahadhari: sisi ni washirika, kwa namna fulani, katika kuzisababisha. Nimeishi na hilo "kwa namna fulani" kazini kwangu kote. Limenizuia nisimpe kijana wa miaka 18 aliyefundishwa kuiba na mjomba wake adhabu sawa na ya mjomba. Halikunizuia nimpe adhabu.

Pia siwezi kuondoka bila kumlaumu Aristotle. Mtu huyuhuyu aliyesema wema si wa maumbile ndiye aliyeandika kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile. Jiwe lake mwenyewe lingemsuta. Aliona watu waliozoeshwa utii kwa mjeledi, akadhani wamezaliwa nao. Na karibu miaka 400 baada yake, mtu aliyeichukua hoja ya mazoea akaiweka mikononi mwa watu wa kawaida alikuwa amezaliwa mtumwa: Epictetus, kiwete, aliyepata uhuru wake Roma na baadaye akafundisha Nicopolis, upande wa magharibi wa Ugiriki. Hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika aliyoyasikia.

Epictetus anasema kutembea hukuzwa na kutembea, na kukimbia na kukimbia. Lala siku kumi, kisha amka ujaribu kwenda mbali, utaona miguu ilivyolegea. Ukikasirika, usidhani umepatwa na baya hilo moja tu. Umeongeza kuni kwenye moto. Kwa hiyo anashauri kuhesabu. Nilikuwa nakasirika kila siku. Sasa ni kila siku ya pili. Halafu kila siku ya tatu, kila siku ya nne. Ukifikisha siku thelathini, anasema, mtolee Mungu sadaka.

Mimi udhaifu wangu ulikuwa kuwakatiza mashahidi. Sikuwa na subira nao. Nilinunua daftari dogo la shule, la mraba, nikaliweka mezani chini ya majalada. Kila siku iliyopita bila kumkatiza shahidi niliipigia alama ya vema. Mzee wa baraza aliligundua na akawa anachungulia kila jioni kama mtu anayefuatilia matokeo ya mpira. Mara ya kwanza nilifika siku mbili. Kisha tano. Kisha nikarudi kwenye moja. Nilistaafu nikiwa na rekodi ya siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alikuja shahidi katika kesi ya kuku, akaapa vizuri, akakohoa, akaanza ushahidi wake kwa kusimulia harusi ya babu yake.

Mzee alinitazama. Nilichukua kalamu.